Miguu Yangu na Mwiko wa Asali

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali na miguu yako haikutii, kwanza nikuambie jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu yeyote kwa muda mrefu: hujakosa kitu. Ugonjwa ni ugonjwa. Watu watakuja na maelezo yao, watakaa ukingoni mwa kitanda chako na kukutazama kama wanaotafuta alama ya mwizi. Waache waseme. Wewe tafuta njia ya kufika hospitali.

Naandika haya nikiwa barazani Shanwe, mbele yangu cherehani ya mkono, fimbo zangu mbili zimeegemea ukuta. Natembea. Si kwa madaha, lakini natembea. Nina nundu mgongoni, na watoto wa jirani huiita furushi la Mama Agnesi. Huwafokea mpaka wakimbie, halafu huwaita niwape vipande vya vitambaa washonee mpira. Mimi si mtu mpole. Nilikuwa mpole zamani, na upole huo ndio ulioniponza.

Nilizaliwa Kibaoni, kwa Wapimbwe, nikaolewa upande wa Litapunga kwa Wakonongo. Mume wangu, Petro, alikuwa na mizinga zaidi ya sitini msituni. Kule asali si kitu cha kulamba tu. Ndiyo inayokuvika, ndiyo inayokuozesha mke, ndiyo inayokufanya uitwe mtu mbele za watu. Kila kiangazi wanaume huondoka kwa kikundi kwenda kambi ya asali, mwendo wa siku mbili, wakakaa huko wiki nne au tano. Wakiwa huko, mke aliyebaki nyumbani ana miiko yake. Asigombane na mtu. Asitoe moto jikoni mwake kumpa jirani. Asilale na mwanamume. Mwiko ukivunjwa, wanasema, nyuki hugeuka wakali, mtu akaanguka mtini, na aliyeuvunja akapigwa na ugonjwa. Sikuucheka mwiko huo hata siku moja. Niliushika kama nilivyoshika amri za kanisani, maana mume wangu ndiye aliyekuwa juu ya mti.

Kuna jambo jingine lazima ulijue. Siku moja kabla ya safari, wanaume wote na wake zao hukusanyika uani kwa mkubwa wa kambi. Wakati wetu alikuwa Mzee Sizya, mtu mfupi mwenye sauti nene. Pale kila mmoja husema lililo moyoni: aliyegombana na jirani aseme, aliyekasirika na mumewe aseme, na kama nyumbani kuna mgonjwa, asemwe. Mwenye mgonjwa haendi kambini mwaka huo. Wanaamini kwamba ukienda na jambo ulilolificha, unalibeba mpaka mtini, na huko nyuki watalitoa.

Mgongo wangu ulianza kuuma tangu mwisho wa masika. Nilidhani ni mzigo wa kuni. Siku tatu kabla ya safari niliinama kupepeta mahindi nikashindwa kuinuka. Mama mkwe wangu aliyeyusha nta kwenye kigae, akachovya kitambaa, akampa Petro, naye akanikanda mgongo huku nimelala kifudifudi kwenye mkeka. Nta ilikuwa ya moto, nikapata nafuu kidogo.

"Pole, Mama Agnesi," alisema Petro. Agnesi ni binti yetu, wakati huo alikuwa na miaka minne. "Nikirudi nitakupeleka Mpanda kwa dresa wa zahanati."

Kisha akasema lile lililokuja kuniangusha kuliko ugonjwa wenyewe. "Lakini kesho kutwa usiseme. Wakisikia unaumwa watanizuia. Mizinga imejaa, mke wangu. Nikikaa mwaka huu, tutakula nini?"

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anakwangua nta iliyobaki kwenye kigae. "Ni mgongo tu," alisema. "Nani asiyeumwa mgongo?"

Basi siku ya kusema sikusema. Mzee Sizya alipoulizia nyumba yetu, Petro akajibu, "Kwetu ni salama," na mimi nikaitikia, "Ni salama." Neno hilo nilitamka kwa kumpenda mume wangu. Kumbuka nta ile, na kumbuka neno hili.

Wiki mbili baadaye nilikuwa kisimani. Nimeinua mtungi, nimeuweka kichwani, nimepiga hatua kama tatu, ghafla miguu ikawa si yangu. Sikujikwaa. Ilikuwa kama mtu amekata kamba. Mtungi ukavunjika, mimi nikakaa kwenye tope nikicheka, maana nilidhani ni ganzi. Nikasema ngoja ipite. Haikupita. Nilijipiga mapajani kwa ngumi, nikawa kama nagonga paja la mtu mwingine. Hapo ndipo nilipopiga kelele.

Wanawake walinibeba mpaka nyumbani. Mama mkwe alinivua, akaniosha, maana nilikuwa nimejikojolea na sikuwa nimejua. Aliniosha vizuri, siwezi kumsingizia. Alinifunga kitambaa kama mtoto, akanilaza, Agnesi akaja kunishika vidole vya miguu akiniuliza kwa nini sicheki, maana alizoea kunitekenya hapo.

Kama ingeishia hapo, ningekuwa mgonjwa tu. Lakini siku ya tano walirudi wanaume, wiki mbili kabla ya wakati wao, wakiwa wamebeba machela. Juu yake alikuwa Matiasi, binamu yake Petro. Nyuki walimvamia akiwa juu ya mti, akaachia kamba, akaanguka, akavunjika nyonga, akafa njiani. Kijiji kikalia. Na katika kilio kile, nikiwa nimelala ndani, nilisikia mtu akiuliza nje ya ukuta, "Na huyu mke wa Petro, miguu ilikufa siku gani?" Mwingine akahesabu. Siku zilikaribiana. Hapo hapo, nje ya ukuta, mimi nilihukumiwa.

Baada ya maziko walinipeleka uani kwa Mzee Sizya nikiwa juu ya kitanda cha kamba. Nililala pale katikati ya watu, jua la asubuhi machoni, nzi wakinitembelea miguuni bila mimi kuwahisi. Mzee Sizya aliniuliza ni mwanamume gani. Hawakuwa na jina lolote la kunitajia, wala hawakulihitaji. Miguu yangu ndiyo iliyokuwa shahidi wao.

"Nilikuwa naumwa kabla hawajaondoka," nilisema. "Mgongo uliniuma tangu masika. Petro anajua. Alinikanda kwa nta."

"Siku ya kusema ulisema ni salama," alisema Mzee Sizya. "Mbele yangu."

"Nilisema hivyo kwa sababu niliambiwa."

"Na nani?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amesimama karibu na rundo la magome ya kutengenezea mizinga, mikono nyuma. Mzee Sizya akamgeukia. "Petro, mke wako alikuwa mgonjwa ulipoondoka?"

Najua alichokuwa anakiona. Akisema ndiyo, basi yeye ndiye aliyebeba jambo la siri mpaka mtini, na mjane wa Matiasi alikuwa amekaa pale pale, kichwa amekifunga kitambaa cha kilio. Nimeshamwelewa mara nyingi katika miaka hii. Kuelewa si kusamehe.

Petro alitazama magome. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Nikamtafuta mama mkwe kwa macho. Alikuwa anafunga khanga yake upya, anafunga na kufungua, anafunga na kufungua. Naye hakusema.

Usaliti wa mtu baki huuma kama mwiba. Unautoa, unaendelea na safari. Mkono ulionikanda, na mkono ulioniosha, hiyo ndiyo iliyoniacha.

Walinirudisha kwetu Kibaoni juu ya lori la mahindi. Agnesi walimzuia. Mtoto ni wa baba, walisema, na tena hawezi kulelewa na mwanamke aliyeua mtu. Lori lilipoondoka alikuwa amebebwa mgongoni na bibi yake, anakula muwa, ananipungia mkono. Alidhani naenda kusalimia.

Mvua za kwanza zilinikuta kwa mama yangu, bado nimelala. Mama alikuwa ameshakuwa mtu mzima, mwembamba, lakini alinigeuza asubuhi na jioni kama mtu anayegeuza mhogo juani. Hata hivyo nilipata vidonda makalioni. Mwili usiohisi ni hatari. Siku moja nilikuwa nimekaa karibu na jiko nikinusa nyama inachomwa, nikauliza, "Leo kuna nyama?" Mama akaruka, akanivuta mguu kutoka kwenye figa. Kilikuwa kidole changu. Nilikitazama kilivyobabuka, nisisikie kitu, nikalia kwa mara ya kwanza tangu nianguke. Na miguu ilianza tabia ya kurukaruka yenyewe, inapiga teke bila kutumwa. Wageni walifurahi, wakasema inapona. Haikuwa inapona. Ilikuwa inanicheka.

Waganga walikuja. Mmoja alinichanja, mwingine akataka niungame kwanza ndipo dawa ifanye kazi. Nikamwambia niungame nini. Akasema, "Unajua mwenyewe." Kuna siku, na hili naliandika kwa aibu, nilikaribia kuungama. Nilitafuta kichwani mwanamume wa kumtaja ili nipone. Ndivyo wanavyokufikisha. Ukikaa sana na wanaokutuhumu, unaanza kujikagua mifukoni.

Mama ndiye aliyekataa. Alimtoa yule mganga nje na mkoba wake. "Mwanangu alianza kuumwa mgongo masika," alimwambia. "Hata mimi aliniletea salamu hizo. Nyie mnataka kesi, mimi nataka dawa."

Wiki ile ile akamwomba mwenye lori, tukapanda kwenda Mpanda. Zahanati ilikuwa na kibaraza kirefu, nasi tulikaa hapo siku mbili. Kungoja ni kazi, ndugu yangu, nayo ina adabu zake. Unajifunza kutomtazama sana anayeitwa kabla yako. Unajifunza kujua nani anakuhama kwa sababu ya jua na nani anakuhama kwa sababu ya harufu ya vidonda vyako. Mwanamke mmoja tu hakuhama. Alikuwa amekuja na mtoto mwenye homa. Alikata kipande cha khanga yake akanifunika miguu, asiniulize kitu. Sikumjua jina. Namwombea mpaka leo.

Dresa alinipapasa uti wa mgongo kwa kidole gumba mpaka akafika mahali nikapiga yowe. Akaniuliza, "Umeumwa hapa tangu lini?" Nikamwambia tangu masika, nikajiandaa kubishana. Yeye akaandika tu. Nilishangaa. Nilikuwa nimesema ukweli ule mara mia, na huyu mgeni aliuamini kwa mara ya kwanza, kwa kalamu. Akasema niende Tabora kwa gari moshi, kwenye hospitali kubwa.

Na pale stesheni Petro akanijia. Alikuwa ameleta malindo, vile vyombo vya magome vya kuwekea asali, kupakia kwenye behewa. Aliniona nimelazwa kwenye mkeka karibu na reli, akazunguka, akasubiri mama aende kutafuta maji, ndipo akaja akachuchumaa.

"Mama Agnesi, nisamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Najua ulikuwa unaumwa. Najua hukukosa. Kila siku linanikaa hapa." Akajigusa kifua.

"Sema kwa sauti," nilimwambia.

"Watu wapo."

"Ndiyo maana nakwambia sema kwa sauti. Waite hao wabeba mizigo, waambie."

Aligeuka kutazama huku na huku. Kisha akaweka chupa ya asali kando ya mkeka wangu, akasimama, akaenda kuhesabu malindo yake. Ile asali nilimpa mama mmoja kwenye behewa. Nilikuwa na njaa, lakini nilimpa. Mpaka siku ile nilikuwa na shaka kidogo, nikijiambia pengine kweli alisahau, pengine mambo ya msiba yalimchanganya. Sasa nilijua hakusahau kitu. Alikuwa na ukweli wangu mfukoni, akautoa kunionyesha, akaurudisha.

Tabora nilikaa miezi ishirini. Daktari alisema ni kifua kikuu kilichokwenda kukaa kwenye uti wa mgongo, basi, na mimi sitaeleza zaidi ya hapo kwa sababu sikuelewa zaidi ya hapo. Nilichokijua ni kitanda cha mbao, na plasta nyeupe waliyonivika kuanzia kwapani mpaka kiunoni, nzito kama kinu. Ndani ya plasta kuna mwasho usio na msaada. Kunguni mmoja aliingia, akaishi humo kama mpangaji. Nilipewa sindano kila asubuhi pajani. Mwanzoni nilikuwa naziangalia tu zikiingia, kama vile anachomwa jirani. Nilijua nimeanza kupona siku ile sindano iliponiuma. Nilipiga ukelele wa furaha mpaka nesi akadhani amevunja sindano ndani.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa Bi Mwajuma wa Shanwe, mke wa mwenye duka, aliyeteleza kwenye ngazi ya ghala akavunjika nyonga. Mtu wa maneno mengi na moyo mkubwa. Nilipomsimulia habari yangu alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na kwa Bi Mwajuma hilo ni jambo la kutangazwa.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "mimi mambo ya nyuki siyajui. Lakini angalia kule." Akanyoosha mkono kwenye kitanda cha mwisho. Alikuwepo msichana wa miaka tisa, na plasta kama yangu, na miguu kama yangu. "Yule naye alilala na nani?"

Nilimtazama yule mtoto. Sijui nilimtazama muda gani. Mzigo niliokuwa nimeubeba bila kujua kwamba nimeubeba uliteremka pale pale, nikawa mwepesi ndani ya plasta ile nzito.

Kipupwe kilipokuja kidole kikubwa cha mguu wa kulia kilisogea. Mvua zilipoanza nilikaa. Masika yalipokwisha walinisimamisha kati ya nguzo mbili uani, nikasimama kwa muda wa kuhesabu mpaka saba, nikaanguka. Kesho yake mpaka tisa. Usidharau tisa. Vidonda vilifunga. Mkojo ukaanza kunipa taarifa kabla ya kutoka, na hiyo nakwambia ni heshima kubwa kuliko kutembea.

Bi Mwajuma alikuwa ameshatoka zamani, lakini alituma mtu kusema nikiruhusiwa nishukie kwake. Dukani kwao kulikuwa na cherehani ya mkono, ya zamani, iliyoachwa kwa sababu mafundi wote walitaka ile ya miguu. "Hii ilikuwa inakungoja," alisema. Nikajifunza. Nilianza na foronya, nikaja kwenye magauni ya watoto. Kila gauni la umri wa Agnesi lilinitaabisha. Nilikuwa nakadiria urefu wake hewani kwa mkono, kisha najisahihisha, hapana, sasa amefika hapa.

Mara mbili mama alikwenda Litapunga kumwombea mtoto. Mara mbili alirudi na jibu lile lile: mwanamke aliyevunja mwiko hapewi mtoto. Petro alikuwa ameoa mke mwingine. Hakuna aliyenichukia, mama alisema, walinisikitikia tu. Heri wangenichukia. Niliwaza kwenda bomani kushtaki, lakini ningemshtaki nani, kwa kosa gani? La kunyamaza?

Ndipo siku moja, kiangazi cha tatu tangu nianguke, nikiwa nachonga chaki ya kitambaa, nikakumbuka kwamba kule kuna siku moja katika mwaka ambayo mtu haruhusiwi kunyamaza.

Nilipanda lori. Lilinishusha njia panda, na kutoka pale mpaka kwa Mzee Sizya ni mwendo ambao zamani niliutembea nikiwa nimejitwika debe, naimba. Sasa ulinichukua kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi. Nilipumzika mara kumi na moja. Nilipoingia uani walikuwa wamekaa wote, wanaume upande huu na wake zao upande ule, magome yamerundikwa pale pale. Watu walinitazama miguu kwanza. Kisha uso. Mwanamke mmoja akajishika mdomo.

"Hodi, Mzee," nilisema. "Nimekuja kwenye siku ya kusema. Mwaka ule nilisema ni salama. Nilidanganya. Nimekuja kulitoa."

Mzee Sizya alikuwa amezeeka. Alinionyesha mkeka. "Keti kwanza, mwanangu."

"Nikikaa nitachelewa kuinuka. Nitasema nimesimama." Nikasema yote: mgongo, masika, nta, na maneno ya Petro kwamba nisiseme. "Sitaki shamba, sitaki asali, sitaki kurudi. Namtaka mtoto wangu. Na jambo hili si langu peke yangu kulitoa. Kuna mwenzangu analo, na kesho anaondoka nalo kwenda mtini."

Mzee Sizya akamgeukia Petro, akamuuliza swali lile lile la mwaka ule, maneno yale yale. Petro alikuwa amekaa karibu na mke wake mpya. Akatazama chini. Mdomo ulifunguka, ukafungwa. Na mimi nikajua ananyamaza tena. Nilihisi miguu inaanza kuniacha, nikajiambia, Kristina, si hapa, hapa usianguke.

"Nta niliyeyusha mimi."

Alikuwa mama mkwe. Hakusimama, aliyasema akiwa amekaa, akitazama mikono yake. "Niliyeyusha mimi, jikoni kwangu, kwenye kigae. Mkwe wangu alikuwa hawezi kuinuka. Kesho anaondoka mwanangu, Mzee. Sitaki kumzika kama walivyozikwa wa wenzangu."

Mjane wa Matiasi alikuwepo. Aliinuka taratibu, akachukua mkeka wake, akatoka.

"Petro," alisema Mzee Sizya. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

Maneno mawili. Kwa ajili ya maneno mawili nililala Kibaoni nikinuka, na mtoto wangu akafundishwa kumwita mtu mwingine mama. Nilitegemea nikiyasikia nitafurahi. Nilichohisi ni uchovu. Na hasira mpya pia, kwamba hata mama yake alisema kwa kumwogopea mwanawe, si kwa kunihurumia mimi.

Mzee Sizya aliwaambia wanaume hakuna safari mwaka huo kwa nyumba ya Petro. Kisha akasema mtoto amfuate mama yake.

Agnesi aliletwa. Alikuwa mrefu kuliko gauni nililomshonea na kuja nalo. Alinipa mkono kwa adabu kama anavyosalimiwa mgeni, akarudi nyuma ya mke wa Petro, mwanamke yule masikini ambaye hakunikosea kitu. Yeye ndiye aliyemsukuma taratibu, akamfungia nguo zake kwenye kitambaa, macho yamejaa machozi. Mama mkwe alinijia na kibuyu cha asali. Nilikipokea, maana kukataa mbele za watu ni vibaya, nikakiweka chini kwenye kizingiti, nikakiacha hapo.

Tuliondoka, mtoto akiwa mbele. Alitembea haraka kama watoto wa kule, halafu anasimama kunisubiri, ananiangalia fimbo, anaangalia nundu. Tulikuwa tumeshapita mashamba ya mahindi ndipo aliposema neno la kwanza.

"Bibi alisema nyuki walikufunga miguu kwa sababu ulifanya vibaya."

"Hapana. Niliumwa."

Akafikiri. "Baba alijua uliumwa?"

Ningeweza kumdanganya. Mama wengi wangemdanganya, na labda wangefanya vizuri. Lakini mimi nimeshaona uongo wa upole unavyofanya.

"Alijua," nilimwambia.

Tulitembea kidogo, kisha nikaona hakimbilii mbele. Alikuwa amepunguza hatua zake, akitembea kando yangu, kwa mwendo wangu.